Bangili mkono wa kulia, saa ya marehemu mkono wa kushoto

Jumapili, Matogoro. Ukungu umekaa juu ya mabati tangu asubuhi na haujaamua kama unaondoka. Baridi ya kuingia mpaka kwenye meno.

Shajara, tuanze na jambo ambalo mkoa mzima unalijua hata kama wengine wanaona aibu kulisema: katika Songea hii hakuna mtu anayejua vifaa vya umeme kama mimi. Simu ya kwanza yenye tochi kuingia Matogoro niliileta mimi. Redio ya kwanza ya kutumia kadi, mimi. Watu walitoka Mbinga kwa miguu kuja kuisikia ikiimba bila kanda, na mzee mmoja alizimia tukammwagia maji ndoo mbili. Mafundi wa mjini wakishindwa kabisa huwa wanasema, "Ngojeni Longino apite." Shule niliishia darasa la saba, sikatai. Lakini mwalimu wangu wa hesabu alijua kabisa kwamba namzidi, ndiyo maana alikuwa ananichapa.

Kwa hiyo nikikwambia nimekaa wiki nzima nikilinganisha vifaa viwili vya kuvaa mkononi, vile vya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo, ujue umeletewa ushauri wa mtaalamu. Hukumu nilikuwa nayo tayari tangu Jumanne. Nilikuwa nakuja kuiandika hapa kwenye simu kwa mbwembwe, wasomaji wangu waone, na picha ningeweka.

Leo siwezi kuandika kwa mbwembwe.

Nimeogopa wiki hii kuliko nilivyowahi kuogopa, na mimi ni mtu niliyewahi kutazamana na chui njia ya Tunduru mpaka yeye akaondoka.

Chanzo ni Veneranda, mtoto wa dada yangu. Ni muuguzi. Jumapili ya wiki iliyopita alikuja kutusalimia baada ya misa. Akanishika mkono, "Shikamoo mjomba," nikaitika, lakini mkono hakuuachia. Vidole vyake viwili vilikuwa vimekaa hapa chini ya kiganja, na macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani.

"Mjomba, moyo wako unaruka."

"Unaruka kwenda wapi?"

"Unapiga, unapiga, halafu unasahau. Kisha unakimbia kufidia. Nenda hospitali wakupime kwa mashine. Wiki hii, mjomba, si mwezi ujao."

Nikamwambia huo ni moyo wa Kingoni, unacheza lizombe, ngoma yetu ina mahali pa kusimama kabla ya kukanyaga chini. Mke wangu alicheka. Veneranda hakucheka. Akasema taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kinachovunjika: "Mjomba Otmari naye nilimwambia. Naye alinichekesha hivyohivyo."

Otmari ni mtoto wa baba yangu mkubwa, tumekua kitanda kimoja, na nyumba yake iko mteremko mmoja na yangu. Alikufa wiki tatu kabla ya maneno hayo. Jumanne asubuhi alikuwa anavuna mahindi, akaketi juu ya gunia apumzike, basi. Mimi nilikuwa Namasakata, huko Tunduru, kwa binti yetu Desi aliyejifungua. Walimzika Alhamisi. Nilifika Ijumaa.

Watu huwa nawaambia niliwahi kutupa udongo. Sikuwahi. Nilikuta kaburi lina maua yaliyoanza kulala.

Sasa, kuhusu hospitali niliweka sharti. Nikamwambia Veneranda kwamba mimi ni mtu wa vipimo, siendi mahali kwa kuambiwa na vidole. Nitavaa kifaa wiki nzima. Kikisema moyo una shida, naenda bila kusukumwa. Kikisema hauna, mada imefungwa na mtu asiniguse tena mkono. Akakubali kwa shingo upande.

Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa hilo, Shajara. Sikuwa natafuta saa. Nilikuwa natafuta shahidi wa upande wangu.

Kifaa cha kwanza ni ile ya mpira, nyembamba kama kidole, ambayo dukani wanaiita bendi na mimi naiita bangili kwa kuwa ndiyo sura yake. Nilipewa na Saidi, Myao wa Nakapanya, ana duka la simu pale mjini. Alitoa ile ya maonyesho kwenye kabati la kioo akaniambia, "Jaribu wiki moja, ukiipenda utanunua mpya, usipoipenda urudishe ikiwa haina harufu ya pombe ya kienyeji." Ni mtani wangu, ana haki ya kusema hivyo.

Cha pili ni saa janja yenyewe, kubwa, kioo cha mviringo, kamba ya ngozi. Hiyo ilikuwa ya Otmari. Mtoto wake aliye Dodoma ndiye aliyemnunulia. Shemeji Gaudensia, mjane wake, aliitoa kabatini akaichaji mwenyewe akanipa. "Ijaribu shemeji. Vitu vyake havijagawanywa, lakini ikikufaa nitasema kwenye kikao cha ukoo uinunue wewe, ibaki kwa ndugu."

Mke wangu hakupenda. "Baba Desi, kitu cha marehemu kabla hakijagawanywa unakivaa kwenda nacho wapi?"

"Nakijaribu tu, Mama Desi."

"Na chenyewe kikikujaribu?"

Nilicheka. Yeye alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

Basi Jumatatu nikavaa vyote viwili. Bangili mkono wa kulia, chini ya sweta, kwa sababu ni kitu cha kijana na sikutaka ionekane. Saa mkono wa kushoto, juu ya sweta, kwa sababu saa kama ile mtu akiificha ni kama kununua gari na kulifunika turubai. Nilitembea hadi sokoni huku mkono wa kushoto umetangulia kidogo. Watu waliona. Mwenye bucha aliniita "mkurugenzi."

Kwa anayetaka kujua tofauti zake, ni hizi. Bangili chaji yake inakaa siku nyingi, wiki nzima haijaomba umeme. Saa inataka kuchajiwa kila siku mbili, na kwa umeme wetu unaokatika mvua ikiwa bado Njombe, hilo ni jambo la kufikiria. Bangili kioo chake ni kidogo, inabidi uisogeze mpaka puani. Saa unaisoma ukiwa umesimama. Saa ukipigiwa simu inatetemeka mkononi, na mara ya kwanza nilirusha kikombe cha chai. Hatua zinahesabu karibu sawa. Bangili haiogopi maji, nimefulia nayo. Zote mbili kwa nyuma zina taa ya kijani inayopepesa. Hiyo ndiyo inayotazama damu yako ikipita.

Lakini mapigo ya moyo, hapo zilipishana kabisa. Saa ya Otmari ilisema sabini na mbili. Nikiwa nimekaa, sabini na mbili. Nikipanda mteremko na ndoo, sabini na mbili, sabini na tatu. Bangili ilikuwa inaropoka: hamsini na moja, mia na ishirini na nane, sitini, kisha vistari viwili kama mtu aliyenyamaza katikati ya sentensi.

Nikatoa hukumu. Saa ni kifaa cha watu wazima. Bangili ni mbovu. Jumanne jioni nilimpigia Veneranda nikamwambia, "Sabini na mbili, binti. Mwili wa kijana." Akasema, "Sawa mjomba," lakini hakusema kwa furaha.

Jumatano ndiyo mambo yalipobadilika.

Nilikwenda na njia ya mlimani, ile inayoingia kwenye msitu, ili nizitese vizuri zote mbili. Ilikuwa saa nne asubuhi lakini jua halikuwepo. Ukungu wa Matogoro una tabia ya kumeza sauti. Unakanyaga kijiti mwenyewe, unakiona kinavunjika, hukisikii. Huku chini kulia kuna vijito vinavyokwenda kuwa mto Ruvuma. Siku nyingine vinapiga kelele kama shule. Jumatano vilikuwa kimya.

Nikaketi juu ya jiwe moja bapa nipumzike. Mama mmoja akatokeza kwenye ukungu na mzigo wa kuni kichwani, alikuwa karibu sana kabla sijamwona. Alisimama ghafla, akanitazama, kisha akashusha pumzi.

"Shikamoo. Nisamehe baba. Kwa ulivyoketi hapo, nilidhani ni baba Otmari."

"Mimi ni ndugu yake."

"Hilo ndilo jiwe lake," akasema, akapita. Baada ya hatua sita hakuwepo.

Nilibaki pale. Kwa kukosa la kufanya nikaanza kuburuza kidole kwenye kioo cha saa. Maandishi yake ni ya Kizungu, lakini picha zinajieleza: unyayo ni hatua, kopa jekundu ni moyo, na ukiburuza kushoto zinarudi siku za nyuma. Nikarudisha siku. Nikapita za kwangu, nikapita siku nyingi tupu, nikafika kwenye siku zake.

Jumanne ile nimeiona. Mstari mwekundu umetoka asubuhi unapanda, unashuka, unapanda kama meno ya msumeno. Kisha vistari viwili.

Niliweka kidole pale kama vile ningeweza kumshika.

Jumatano yake, vistari tu. Hakuna unyayo, hakuna moyo. Ndivyo inavyotakiwa iwe.

Alhamisi, siku waliyomzika, hatua zilikuwa elfu nne na kitu.

Nilidhani nimekosea siku. Nikarudia. Alhamisi. Hatua elfu nne na kitu, na moyo tisini na nane.

Nikasogeza tena. Ijumaa: hatua hakuna hata moja. Moyo upo. Sabini na mbili. Asubuhi, mchana, jioni, mstari umelala sawasawa kama kamba ya kuanikia nguo. Jumamosi vilevile mpaka jioni, halafu giza.

Mtu aliyelala hana hatua. Lakini ana moyo.

Shajara, sijui wewe ungewaza nini. Mimi niliwaza hivi: tumemzika ndugu yangu akiwa hai, akalala kule chini siku mbili akisubiri, na mimi Ijumaa nilikuwa nimesimama juu yake nikirekebisha maua.

Nilishuka mlima ule kwa mwendo ambao kifaa chochote kingeurekodi kama rekodi ya taifa. Chini nilipofika bangili ilikuwa inasema mia na sitini na moja. Saa ilisema sabini na mbili.

Sikumwambia mke wangu. Ugali sikuumaliza. Alhamisi mchana, jua limetoka kidogo, nikaenda nyumbani kwa Otmari. Kaburi liko nyuma ya nyumba, baada ya migomba, kutoka kabatini mpaka pale ni hatua sitini, nilizipima. Nilikuwa nimeshafanya utaalamu wangu kichwani. Saa inaongea na simu bila waya, sivyo? Basi ikishamzoea mtu miaka miwili, itashindwaje kumsikia kwa umbali wa hatua sitini? Udongo si ukuta wa zege. Na ule ulikuwa bado laini.

Nikapiga magoti. Nikanyoosha mkono wa kushoto, nikaulaza juu ya udongo, nikasubiri. Taa ya kijani ilipepesa chini ya saa, ikapepesa tena.

Sabini na mbili.

"Shemeji?" Shemeji Gaudensia alikuwa amesimama kwenye mgomba wa mwisho, ameshika ndoo. "Umepoteza kitu?"

"Nasali," nikasema.

"Umelaza mkono tu, hujafanya ishara ya msalaba."

Nikafanya ishara ya msalaba. Hakuuliza zaidi. Alisimama na ndoo yake mpaka nikainuka, akanikung'uta udongo kwenye sweta kama mtoto. Nilitaka kumwambia na sikuweza. Unamwambiaje mjane jambo kama lile? Na ukishamwambia, nani atatafuta jembe?

Ijumaa sikutoka ndani. Nilisema nina mafua.

Jana Jumamosi nikaona heri nimwulize mtu anayeuza vitu hivi. Nikaenda kwa Saidi. Alikuwa na bisibisi mdomoni, amefungua simu ya mtu.

"Mngoni! Umekuja kurudisha bangili au umekuja kuchumbia?"

"Saidi, nina swali la kitaalamu. Saa ikishamjua mtu, inaweza kuusikia moyo wake akiwa mbali?"

"Mbali wapi?"

"Hatua sitini. Kwenda chini."

"Chini ya nini?"

"Chini tu. Ya udongo."

Alitoa bisibisi mdomoni, akaiweka mezani. Nikampa saa, nikamwonyesha Alhamisi. Akaitazama. Mabega yakaanza kutikisika. Kisha akacheka mpaka mteja aliyekuwa anachagua kava akatoka nje.

"Hatua hizi ni zangu!"

"Zako vipi?"

"Mimi si mtani wenu? Kwani Alhamisi nilikuja msibani kunywa chai? Nilimwomba mjane koti la marehemu, kofia yake, na saa yake. Nikavaa. Nikatembea kama yeye, mikono nyuma, shingo mbele, nafokea vijana: amkeni mkavune, mnakula ubwabwa wangu bure! Watu walilia wanacheka, wanacheka wanalia. Walipokwisha kuchimba nikashuka kaburini nikalala. Nikasema sitoki mpaka nipewe jogoo."

Kumbe. Desturi ya utani ninayoijua tangu nanyonya, nimeifanya mwenyewe kwenye misiba ya Wayao huko Tunduru, nimevaa kanzu za watu. Kwa kuwa sikuwepo siku ile, haikunijia kichwani hata kidogo.

Saidi alikuwa hajamaliza na mimi. "Babu zako walikuja huku na ngao na mikuki, nchi nzima ikakimbilia mapangoni. Mjukuu wao anakimbizwa na saa!"

"Nyamaza, muuza vioo. Mbona moyo wako ulikuwa tisini na nane?"

Hapo kicheko kikapungua. "Uliwahi kulala mle? Unaona mbingu kipande kidogo, vichwa vya watu vimezunguka. Jogoo walichelewa kumleta." Akashika bisibisi, akaiacha. "Usiniulize zaidi."

Basi nikamwonyesha Ijumaa na Jumamosi. Hapa hakucheka kabisa.

"Hizi siyo zangu. Jioni ya Alhamisi niliichaji nikamrudishia mjane, akaifunga kwenye shati la marehemu akaiweka kabatini."

Nje pikipiki zilikuwa zinapita kama kawaida na mimi nilisikia kama zinapita mji mwingine. Saidi akafikiri. Kisha akachukua kitambaa chake cha kufutia vumbi, akakiviringisha kama mkono wa mtoto, akaifunga saa juu yake, akakiweka mezani kati yetu.

Taa ya kijani ikapepesa. Ikatafuta. Ikapepesa.

Sabini na moja. Sabini na mbili.

Nimeona mengi, lakini sijawahi kukaa natazama kitambaa cha vumbi kina moyo. Kilikuwa kinapiga vizuri, bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyelala baada ya kula.

"Ziko hivi nyingi," Saidi akasema, naye sauti imeshuka. "Inamulika, inasubiri ngozi. Isipokuta ngozi, mara nyingine inanyamaza, mara nyingine inabuni."

"Kwa nini sabini na mbili?"

"Sijui. Labda ndiyo namba inayoona haitagombana na mtu."

Nilipumua. Otmari alikuwa amekufa vizuri, kama wafu wote. Mzigo wa siku tatu ulishuka mabegani, nikasikia njaa. Nikaichukua saa yangu, nikaifunga mkono wa kushoto, nikataka kuaga.

Saidi alikuwa anautazama mkono wangu.

"Wiki nzima umeivaa hivyo? Juu ya sweta?"

"Ili..."

"Ili nini, Longino?"

Hakuniita Mngoni. Aliniita jina. Akanyoosha vidole kutaka kuvuta mkono wa sweta, taratibu, kama Veneranda. Nikarudisha mkono. Nikasema nitajaribu nyumbani. Bangili hakuitaka tena, alinisukumia ibaki kwangu na hakutaja malipo, na Saidi asipotaja malipo ujue kuna jambo.

Njia nzima nilikuwa nahesabu. Sabini na mbili nikiwa nimekaa. Sabini na mbili na ndoo. Sabini na mbili nikikimbia mlima. Yule niliyemsifia Veneranda kwenye simu hakuwa mimi. Lilikuwa sweta.

Leo baada ya misa nikapitia kwa shemeji kurudisha saa. Nilitaka kwanza niivae mara moja ya mwisho kwenye ngozi, lakini nikaona nifanyie nyumbani, mbele ya mke wangu, nisije nikaanguka kwa watu. Nikamwambia shemeji ataipata leo hiihii, kwamba nimeamua kununua ile ndogo.

Akasema, "Afadhali irudi." Kisha akasema jambo ambalo halijanitoka.

"Zile siku mbili baada ya kumzika, shemeji, nilikuwa nafungua kabati. Taa ilikuwa inapepesa ndani ya shati lake. Ya kijani, unaiona kwenye kitambaa pale kifuani. Sikumwambia mtu. Nilileta kigoda nikakaa nayo. Jumamosi jioni ikaacha, ndipo nikalia vizuri."

Nilikuwa na maelezo yote ya Saidi mdomoni. Taa inamulika, isipokuta ngozi inabuni. Mimi ni mtu nisiyeweza kukaa na maelezo, mji mzima unanijua.

Nilinyamaza.

Mchana huu nikakaa jikoni karibu na moto, Mama Desi pembeni yangu. Nikakunja mikono yote miwili ya sweta mpaka kwenye viwiko. Bangili kulia, saa kushoto, zote kwenye ngozi. Taa mbili za kijani zikapepesa.

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, zikakubaliana.

Arobaini na tisa. Mia na ishirini na saba. Vistari. Vistari. Mia na thelathini na tatu. Hamsini na nane. Zilipanda na kushuka pamoja kama watu wawili waliobeba kitu kimoja kizito. Na vile vistari vikija nilikuwa nausikia mwenyewe, hapa chini ya titi, ule wakati mdogo ambapo hakuna kitu. Unakaa. Unasubiri. Halafu mtu anakanyaga chini.

Mstari ule nimewahi kuuona. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe.

Nikaanza kumweleza Mama Desi kwamba baridi inaweza kuvuruga vifaa, kwamba moshi wa kuni nao una athari zake, kwamba kule Namasakata nilisikia habari ya mtu ambaye...

"Baba Desi."

Hilo tu. Akaenda ndani akarudi na shati langu jeupe na pasi ya mkaa.

Kwa hiyo wasomaji, ushauri wa kitaalamu mliousubiri ni huu: nunueni ile nyembamba, chaji inakaa. Lakini yoyote mtakayonunua, ivaeni kwenye ngozi, na ikisema jambo msilolipenda msiihamishie kwenye nguo. Sina lingine la kuwafundisha wiki hii.

Saa imesharudi kwa shemeji, Mama Desi ndiye aliyeipeleka. Veneranda nimemwambia. Hakunisimanga, alisema atatungoja getini saa mbili asubuhi, nisinywe chai. Nimewaambia wote kwamba Mama Desi anafuatana nami ili ashike makaratasi, kwa kuwa mimi nitakuwa na mazungumzo na madaktari.

Jumatatu itakuja, nami nitakuwa kwenye foleni.

Na kama leo herufi zimerukaruka msinilaumu, naandika kwa kidole gumba kimoja. Mkono wa pili umeshika upindo wa kitenge cha mke wangu tangu alipokaa kupiga pasi. Ameshaniuliza mara mbili kama nataka kitu, nimemwambia hapana, na sijauachia.